Mpira Uliovuta Pumzi

Abti Bishaar alizikwa Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri, na walioniona makaburini siku ile wanasema nilifanya ukaidi usiolingana na umri wangu. Sijitetei. Ukaidi ule una asili yake katika mwaka wa 1966, na kwa kuwa wengi waliokuja mtaani kwetu Waberi kutoa rambirambi wananijua tu kama mzee mstaafu mwenye vyeti ukutani, ni haki wajue kwamba kimojawapo cha vyeti hivyo kilikaribia kummaliza mtu asiyehusika nacho. Abti ni mjomba kwa Kisomali, na kwetu mjomba naye humwita mpwa wake hivyo hivyo. Kwa hiyo tangu nilipopata akili hadi Alhamisi ile alipofariki tuliitana neno moja, yeye na mimi, na sasa sina wa kuniita.

Nilirudi Garissa mwaka ule nikiwa na miaka ishirini na sita, suti moja ya sufu isiyovalika kwenye joto lile, na diploma ya vyombo vya kupimia mionzi. Nasema bila haya kwamba hakuna mtu wa upande wetu, kuanzia Mto Tana hadi Mandera, aliyekuwa na diploma kama hiyo. Nilikwenda ng'ambo kama mfagiaji wa meli, nikaosha vyombo katika hoteli, nikasoma jioni kwenye chuo cha ufundi, na miaka miwili ya mwisho nikafanya kazi katika maabara ya hospitali ambako nilifundishwa kuchonga, kuunganisha na kuziba. Nairobi walinichukua bila maswali katika idara ya mionzi ya hospitali moja. Kabla sijaanza kazi niliomba wiki tatu za kwenda nyumbani, na katika sanduku langu, badala ya zawadi ambazo mtu mwenye busara angebeba, nilibeba mpira.

Lazima niueleze mpira huo, maana kila kilichotokea kilitokana nao. Mionzi ikiingia mwilini haienei sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Chembe moja ya mionzi inaweza kupita katika seli moja na kuacha humo nishati nyingi, na seli ya jirani isiguswe kabisa. Daktari akijua wastani wa mwili mzima bado hajui kilichotokea ndani ya seli ile, na hakuna chombo kinachoweza kuingia humo kupima. Kwa hiyo sisi tuliigeuza kazi. Tulifinyanga mpira wa plastiki nyeusi wenye elementi zilezile za nyama ya mtu, ukubwa wake kama chungwa, mtupu ndani, na katikati tukapitisha waya mwembamba kuliko unywele. Tuliufunga ndani ya kopo la alumini, tukanyonya hewa yote, kisha tukaingiza gesi iliyochanganywa ifanane na nyama, lakini hafifu mno, kiasi kwamba chembe ikikatiza chungwa zima inakutana na vitu vichache tu, sawa na ambavyo ingekutana navyo ikikatiza seli moja. Chembe ikipita, waya unadaka umeme mdogo unaozaliwa kwenye gesi na kuukuza, na ukubwa wa mdundo unakuambia nishati iliyoachwa humo. Wa kwangu niliuchonga kwa mikono hii, ndio ulionipatia diploma. Ndani ya ukuta wake niliweka punje ya madini yenye mionzi, ndogo kuliko ufuta, nyuma ya kifuniko kinachoanguka kwa uzito wake: mpira ukisimama wima, kifuniko kimefunga na kipaza sauti, kilichomo katika sanduku la nyaya linaloungwa nao, kiko kimya, ukipinduliwa, kinafunguka na kipaza sauti kinagonga. Mwalimu wangu aliupindua mara tano siku ya mtihani, akacheka kama mtoto.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nilikibeba chombo kama hicho hadi Garissa wakati wa vita vya serikali na waasi wa upande wetu. Nimejiuliza sana. Jibu ni kwamba nilitaka waone. Barua ya hospitali ilinivusha kwenye kizuizi cha darajani, ingawa askari aliligusa kopo kwa ncha ya bunduki kama anayegusa nyoka, na nilipofika kwa Abti Bishaar niliuweka mpira juu ya meza kabla hata sijanywa maji. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na mabati, chumba kimoja cha wanaume na kimoja cha mkewe, niliyemwita Eddo, yaani shangazi, Halima, na vyumba vyote viwili vilinuka moshi mtamu wa vibuyu vya maziwa. Mwaka ule maziwa yalikuwa machache. Ngamia wa Abti walikuwa wamezuiliwa nje ya mji, watu wa vijijini wamekusanywa kwenye makambi, na kwenda hata nusu siku ya mwendo kulihitaji pasi yenye mhuri. Eddo alinipa mikate laini ya anjera na vipande vya nyirinyiri, nyama kavu ya kukaanga, alivyokuwa amevificha kwenye samli, akanitazama nikila, huku akisikiliza nje. Kila mtu mwaka ule alikula akisikiliza nje.

"Hiki ndicho ulichosomea miaka sita?" aliuliza.

"Hiki, Eddo. Hiki ni kama seli moja ya mwili wako, imekuzwa."

"Mwili wangu ni mweusi hivyo?"

Abti alicheka, akaupangusa mpira vumbi kwa ncha ya kikoi chake. Alikuwa mwembamba, mrefu, mchuuzi wa ng'ombe asiyejua kusoma, na hakuwahi kunipinga mbele za watu. "Abti amesema ni seli," alimwambia mkewe, "basi ni seli."

Kesho yake niliubeba hadi mkahawani. Hapo ndipo kosa lilipo, na lilikuwa langu peke yangu. Mkahawa ulikuwa banda la makuti lenye benchi tatu, chai ya maziwa yenye iliki, na wazee ambao tangu amri za hali ya hatari zitangazwe hawakuwa na kazi ila kuulizana habari za msako. Niliwaeleza kama nilivyokueleza wewe, ila kwa maringo zaidi. Haji Dubat, mfanyabiashara wa ngozi, ambaye nilipokuwa mdogo aliwahi kumwambia Abti kwamba shule ingeniharibu, alisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo ndani mna nyama."

"Mna gesi, Haji. Gesi iliyo kama nyama. Na ukuta pia ni kama nyama."

"Nyama ya nini?"

"Ya mtu. Yaani, inafanana na ya mtu."

"Ilichinjwa na nani?" Benchi zote zikacheka. Mmoja akasema plastiki haichinjwi, mwingine akasema basi ni nyamafu, na Haji Dubat akainua mkono. "Msimcheke. Kijana amesoma. Mimi nauliza kitu kimoja tu. Chombo kimezibwa pande zote. Wewe unasema ndani mna hiki, mwingine akisema mna kile, nani atajua? Hata mimi nikiziba kopo naweza kusema mna bahari."

Mtu mwenye diploma yake angenyamaza, akanywa chai. Mimi nilitoa ufunguo mdogo mfukoni, nikaulegeza mlango mmoja kati ya miwili ya gesi, nikawaambia wasikilize. Kwa kuwa gesi ilikuwa hafifu kuliko hewa ya nje, haikutoka. Hewa ndiyo iliyoingia, kwa mlio mrefu mwembamba. "Kinavuta pumzi," alisema mtu wa nyuma, na sauti yake haikuwa ya mzaha. Niliona fahari ambayo sijaiona tena hadi leo. Nilijua pia, palepale, kwamba nimeuua mpira wangu, kwani hewa yenye oksijeni humeza umeme kabla haujafika kwenye waya. Nilijiambia si kitu, nitaujaza upya Nairobi.

Kufikia adhuhuri mji mzima ulikuwa umesikia kwamba mpwa wa Bishaar ana chombo kinachovuta pumzi. Kufikia asubuhi iliyofuata walikuwa wamesikia hata wale ambao hawakupaswa. Nilikuwa kwenye foleni ya kupigiwa mhuri pasi yangu wakati askari walipoingia mtaani. Niliporudi, godoro lilikuwa uani, unga umemwagwa, vibuyu vimepangwa juani kimoja kimoja kama vitu vya mnada, na Eddo Halima amekaa katikati yake. Hakulia. Alisema, "Wamemchukua abti yako na mpira wako na lile sanduku la nyaya. Aliubeba mwenyewe mpira, maana wao waliogopa kuugusa."

Kambi ya jeshi ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Nilivaa ile suti. Kapteni aliyenipokea alikuwa kijana kama mimi, mtu wa bara, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na hakunitukana. Hilo lilinitisha zaidi. Alifungua daftari akanisomea majibu ya Abti. Aliulizwa kitu hiki ni cha nani, akasema ni chake. Akaulizwa ni nini, akasema ni nyama. Akaulizwa nyama gani, akasema si nyama, lakini ni nyama. Akaulizwa nani alimpa, akasema hakupewa, ni chake.

"Afande, chombo ni changu. Hii hapa barua ya hospitali, na hii hapa diploma."

Aliisoma diploma yote, hata mhuri. "Ningekuwa wewe, na mjomba wangu ameshikwa na bomu la kutegwa ardhini, mimi pia ningekuja na barua nzuri. Wiki iliyopita lori letu lilikanyaga kitu kama hicho njia ya Liboi. Kopo la chuma, waya katikati. Kesho asubuhi wazee wanaoshikiliwa wanapelekwa mbali na hapa, na huyu ni mmoja wao. Wataalamu wa mabomu wakifika wataulipua mpira wako, na hapo tutajua."

"Ukilipuliwa hutajua kitu, afande. Niruhusu nikuonyeshe ukifanya kazi. Ukipinduliwa unagonga, ukisimamishwa unanyamaza. Hakuna bomu linalofanya hivyo."

Alifunga daftari. "Leo saa kumi," alisema.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeahidi kitu ambacho hakikuwepo. Katika maisha yangu nimesimama mbele ya kamati, mbele ya maprofesa, mbele ya waziri, na sijapata kuogopa kama nilivyoogopa saa zile za mchana katika chumba kile cha mabati. Nilikaa juu ya kitanda cha Abti, jasho likipenya sufu, nikahesabu nilichonacho. Sina pampu ya kunyonya hewa. Sina gesi. Nikiugeuza mpira, utakaa kimya kama jiwe, na ukimya huo utakuwa ushahidi. Eddo aliniletea chai akasimama mlangoni.

"Kile kitu chako kitasema?"

"Kitasema, Eddo."

"Maana jana kilivuta pumzi mkahawani. Watu wameniambia. Kimeshaishiwa?"

Mwanamke asiyewahi kuingia darasani alikuwa ameuliza swali pekee lililohitaji kuulizwa, nami nikainamisha kichwa juu ya kikombe. Alikaa mkekani. Hakunilaumu. Alianza kukusanya unga uliomwagika, akiuchekecha kwa vidole kutoa mchanga, na kupitia ukuta nikawasikia wanawake wa jirani wakinong'ona juu ya nani mwingine ameitwa, nani amerudi, nani hajarudi.

Saa tisa na nusu nilikuwa langoni mwa kambi. Na hapo, kutoka kwenye hema la jikoni la maofisa, nikanusa harufu niliyoijua: gesi ya kupikia, ile ya kwenye mtungi. Nilisimama kama aliyeitwa kwa jina. Gesi ile ni ya jamii moja na gesi tuliyotumia maabara. Bila pampu nisingeweza kuifanya hafifu, kwa hiyo mpira usingekuwa tena mfano wa seli. Usingepima chochote cha maana. Lakini nikiisukuma iingie mlango mmoja na kuitoa hewa kwa mlango wa pili, na punje yangu ya madini ikafunguliwa, huenda ungegonga. Kugonga tu. Nilimweleza kapteni, nikakiri mbele yake kwamba nilikuwa nimeuharibu kwa majivuno. Aliuliza, "Mkahawani?" kana kwamba tayari alijua, akamwita mpishi.

Mpishi alikuwa mtu wa ziwani, mnene, aproni hadi magotini. "Afande, huyu msomi anataka gesi yangu alishe mpira? Na chapati zako nizipike kwa maombi?"

"Mpe dakika kumi."

"Dakika kumi za gesi. Na mpira ukishiba, utalipuka ama utacheua?"

Dakika kumi hazikutosha. Kule maabara tungeipitisha gesi nusu saa. Nililala kifudifudi nyuma ya magunia ya mchanga, hakuna aliyetaka kunisogelea, nikaunga bomba laini la kupitishia gesi kutoka jikoni, nikaunga betri za redio moja nyuma ya nyingine hadi zikatosha volti, na muda wote nikawaza jambo moja ambalo sikumwambia mtu. Gesi ya kupikia peke yake haiwaki. Hewa peke yake haiwaki. Zikichanganyika kwa kiasi fulani, na waya ule ukatoa cheche, kopo la alumini lingepasuka kwa mikono ya atakayelishika. Sikujua ni hewa kiasi gani iliyobaki ndani. Nilikisia. Mwenye diploma alikisia.

Nilipofunga milango ya gesi na kusema tayari, nilinyoosha mkono niupindue. "Siyo wewe," alisema kapteni. "Aliyesema ni wake ndiye augeuze." Wakamleta Abti Bishaar. Kilemba kilikuwa kimefunguka, midomo imekauka, lakini alitembea kama anayekwenda kuangalia ng'ombe wa mtu. Sajini alimsukuma begani, akamwita kama askari walivyomwita kila Msomali: "Warya, geuza nyama yako." Abti alichutama mbele ya mpira. Kisha akanitazama, akauliza kwa Kisomali, kwa sauti ya chini kabisa, "Abti, una hakika?"

Nikasema, "Nina hakika."

Akaupindua. Kwanza kimya. Nilisikia turubai la hema likipigwa na upepo. Kisha kipaza sauti kikagonga, tak, kikatulia, tak-tak, halafu mfululizo, kavu, kama mbegu za mtama zinazomwagwa kwenye sinia. "Usimamishe," nilisema. Akausimamisha, ukanyamaza. Akaupindua tena bila kuambiwa, ukagonga. Mara ya nne alianza kutabasamu. Mpishi alisema, "Basi chapati za leo zimeliwa na redio," na askari wawili wakacheka, na kapteni akavua kofia akajifuta uso.

Walimwachia kabla ya jua kutua. Mpira na sanduku la nyaya walivishikilia, nikatia sahihi, na sikuviona tena. Kazi yangu Nairobi ilianza bila ile kazi ya mikono yangu iliyonifikisha pale. Tulivuka uwanja, Abti mbele, mimi nyuma, tukiharakisha kidogo kwa sababu ya amri ya kutotoka nje. Nilimweleza gesi, hewa, kile kifuniko, nilisema sana. Aliendelea kutembea hadi tulipokaribia mlango na harufu ya anjera ya Eddo ikatufikia.

"Hatua tatu," alisema.

"Abti?"

"Uliposema una hakika, ulirudi nyuma hatua tatu. Nilikuwa nakutazama miguu." Kisha akainama kuingia ndani, akamwambia mkewe alete maji, mtoto hajala tangu asubuhi.

Hakulisema tena. Si kwa miaka kumi, si kwa arobaini. Nilikwenda nikarudi, nikatengeneza mipira mingine mingi, bora kuliko ule, iliyopima kweli kile kinachotokea ndani ya seli za wagonjwa; nikapata vyeti vingine, na kila kimoja nilimletea akishike, naye alikipangusa kwa kikoi akauliza kama ni cha gesi au cha karatasi. Nimejisifu kwa mengi na nitaendelea, kwa maana nilianzia ufagio. Ila kila nilipomtembelea nilimwona akitazama miguu yangu kidogo ninapoingia, kwa upole, kama mtu anayeangalia kama umevua viatu.

Ijumaa ile udongo wa makaburini ulikuwa mkavu, wa kichanga, na kingo za kaburi zilikuwa zikimomonyoka. Nilishuka ndani mwenyewe kumpokea. Vijana walishika mikono yangu, wakasema mzee una magoti mabovu, sisi tupo, rudi nyuma kidogo, panaporomoka. Waliniambia zaidi ya mara moja, kwa heshima. Nilipanua mikono wakanipa kichwa na mabega, mepesi kuliko nilivyotarajia, na mchanga ukawa unaniingia viatuni. Sikurudi nyuma.